Njema ya Mlangoni

Ghalani, Wete
Baada ya alasiri

Mwanangu Zuwena,

Gari ya mizigo kutoka Mkoani imechelewa, nami nimekaa juu ya magunia nikiingoja. Nimeona niitumie nafasi hii, kwa sababu kesho asubuhi utakuwa na begi mkononi na watu wote watakuwa wanasema kwa pamoja, na mimi kwenye watu wengi husema yasiyo na maana. Mambo ya kula, kufunga mlango, kusali kwa wakati na kupiga simu ukifika, hayo mama yako atakwambia, na Bi Kombo ataongeza yake. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, na nimelikalia muda mrefu kuliko inavyofaa.

Shule yangu unaijua, iliishia darasa la tano. Ukikuta nimekosea mahali, pita tu.

Juzi ulinikalisha barazani ukanieleza kazi uliyoipata. Nilikuwa nimetoka kushusha saruji na mgongo ulikuwa unaniwaka, lakini nilikusikiliza. Ulisema makampuni siku hizi yanatoa kumbukumbu zao kwenye madaftari na kwenye kompyuta za ofisini, yanazihamishia kwenye kile mnachokiita wingu, ambako zinakaa kwenye mitambo ya watu wengine huko mbali, na mwenye ruhusa anazifikia popote alipo. Kampuni ikishahama, inataka kujua kama kuhama kwake kumefanikiwa. Hapo ndipo mnapoitwa nyinyi kupima. Ukanionyesha karatasi yenye vipimo vyenu: kazi inakwenda haraka kiasi gani, mfumo unazimika mara ngapi, kumbukumbu ziko salama au hapana. Cha mwisho kiliandikwa kuridhika kwa watumiaji.

Nikakuuliza, "Hao mtajuaje kama wameridhika?"

"Tunawapa fomu, Baba. Wanaweka alama, moja mpaka tano."

"Na asiyejua kusoma?"

"Huyo tunamuuliza kwa mdomo. Dakika mbili tu."

Nikainuka nikasema nakwenda kunywa maji. Sikuwa na kiu.

Mimi si mtu wa hapa, na wewe hilo huwa unalisahau kwa kuwa umekua ukizungumza kama mama yako. Nilitoka Lindi, ndani kabisa, mbali na bahari. Nilivuka kuja kisiwani huku, Mtambile, kuchuma karafuu msimu mmoja, nikijiambia nikipata cha kuezekea nyumba ya baba yangu ninarudi. Baba akafa nyumba ikiwa na makuti yaleyale. Mpaka leo nikipita Mtambile nikaona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, ile harufu hunirudisha kwenye banda tulilokuwa tukilala vijana kumi na wawili, kila mmoja akisema mwezi ujao anakwenda kwao. Wengi walikwenda. Mimi nilimwona mama yako.

Nilipomposa, wazee wake waliniambia, "Nenda kisiwani Fundo kwanza ukamsalimie Bi Kombo. Ndiye aliyemlea." Nikavuka na sukari na pea ya kanga. Nikamkuta kasimama mlangoni kwake na ungo wa mchele.

"Hali, Bi?"

"Njema, mwanangu, alhamdulillahi."

Mimi nikaona basi, mambo ni mazuri. Nikamwaga maneno yangu yote palepale mlangoni, nikatia na mzaha kidogo, nikacheka peke yangu, nikaaga. Kwenye boti ya kurudi, Hamadi aliyekuwa akiiendesha akaniuliza, "Mwanawe anaendeleaje?"

"Mwanawe yupi?"

"Khamis. Yumo hospitali siku ya nne, hajitambui. Yule mama kaja nyumbani leo kubadilisha nguo tu. Hakukwambia?"

"Nilimuuliza hali. Kanambia njema."

Hamadi alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi kapanda juu ya paa. "Yakhe, weye umetoka wapi?"

Wiki iliyofuata nikarudi kuomba radhi. Khamis alikuwa ameshafungua macho. Ndiye huyo mjomba wako aliyeko Tanga sasa. Bi Kombo hakunikasirikia. Alisema, "Mie ukiniuliza hali nitakwambia njema. Nikwambie lipi jengine, nawe umesimama na viatu mguuni? Hiyo ni njema ya mlangoni, kila mtu hupewa. Vua viatu, ingia, keti, nyamaza. Ukinyamaza vya kutosha utaambiwa."

Nikavua viatu, nikaingia. Nilinyamaza mpaka nikaona aibu. Halafu akaanza kusema, na hakumaliza mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Siku hiyo ndipo nilipojua nimekubaliwa.

Kwa hiyo somo hilo nilifundishwa, Zuwena. Nilipolikosa baadaye, si kwa kutolijua.

Sasa hapa ghalani. Mzee Faki alikuwa karani wetu tangu wewe ukiwa mdogo, na nadhani unaikumbuka miwani yake iliyofungwa kwa uzi mweusi. Kampuni inapokea mizigo ya watu kutoka Tanga, Unguja na Dar, na wenyewe wanakuja kuchukua. Mzee Faki alikuwa na daftari kubwa kama mlango wa kabati. Jina, mzigo, uzito, tarehe, halafu safu ya mwisho, pana kuliko zote, ameandika juu yake Maelezo. Humo aliandika kila alichoona kinafaa. Kwamba fulani haoni vizuri, asomewe. Kwamba mzigo wa fulani asipewe shemeji yake hata akilia. Kwamba yule wa Konde huja Ijumaa baada ya sala, asitafutwe kabla. Mizigo ilikuwa inanukia mwani mkavu na karafuu na sabuni za watu, na yeye alikuwa akitembea katikati yake anasalimia majina kama anawasalimia wenyewe.

Karatasi hizi ninazoandikia ni zile zilizobaki tupu mwishoni mwa daftari lake. Nililiokota lilipotupwa. Leo nikitafuta ukurasa safi nimekutana na siku ambayo mama yako alikuwa mgonjwa nikaja nawe kazini. Mzee Faki alikukalisha kwenye mizani ya magunia, akaandika kama anavyoandika mzigo wowote: Zuwena binti Saidi. Kilo kumi na moja. Na kwenye Maelezo: hulia akishushwa.

Nimecheka peke yangu hapa. Makame, hamali mwenzangu, kaniuliza nimepata nini.

Kisha kampuni ikahamia kwenye wingu. Nisiseme uongo, lilikuwa na faida. Kumbuka lile ghala la Mtambile lililoingia maji wakati wa masika, madaftari yakalowa yote, watu wakagombana wiki nzima huyu akisema mzigo ni wake na yule akisema ni wake. Hayo yamekwisha. Siku hizi mtu akiuliza Mkoani, anaambiwa palepale kwamba mzigo wake uko Wete. Mimi mwenyewe sizunguki tena kutafuta gunia moja nusu siku.

Walikuja vijana watatu na laptopu zao, wakayahamisha madaftari mstari kwa mstari. Mimi nilikuwa nawashikia kurasa zisifungwe na upepo wa feni. Wakaingiza jina, uzito, tarehe. Walipofika safu ya mwisho wakawa wanairuka. Mzee Faki akamuuliza mmoja wao, "Na haya, mwanangu?"

"Hayo mfumo hauyataki, mzee."

"Haya. Mfumo mkubwa kuliko mie."

Akafunika kalamu yake. Mwisho wa mwezi ule walimuaga, wakampa saa ya ukutani.

Wakafika kwenye ukurasa wa Bi Kombo. Ulikuwa umeandikwa: dawa ya macho kutoka kwa mwanawe, iwekwe penye baridi, hana simu, apewe Hamadi wa boti. Unakumbuka alivyokuwa na presha ya macho, na Khamis akimtumia kila baada ya miezi sita kasha la dawa ya kutia. Mzee Faki alikuwa akiipokea tu, anaipeleka kwenye friji ya muuza soda wa jirani, na Hamadi akija siku ya soko anaichukua. Sasa mfumo haukukubali kuendelea bila namba ya simu. Yule kijana akafunua nyuma, akaona namba ya zamani ya marehemu mumewe, akaiweka hiyo. Mimi nimeshika ukurasa. Ninajua kuwa mwenye namba ile amezikwa zamani. Nikasema moyoni, kazi yangu kubeba.

Dawa ikaja. Mfumo ukapeleka meseji kwenye simu ya marehemu, na nyingine kwa Khamis kule Tanga, kwamba mzigo umefika. Khamis akaridhika. Kasha likawekwa kwenye rafu, chini ya bati. Hamadi akaja siku ya soko kuuliza kama dawa imefika, akaambiwa hatazamiwi kitu bila namba ya siri inayotumwa kwenye simu mzigo ukifika. Akasema Bi Kombo hana simu. Akaambiwa basi aende akaitafute. Nilikuwa nyuma ya mlango nafagia, nayasikia. Siku ya soko iliyofuata hakupita tena. Mimi nililiona kasha lile kila siku nikifagia. Nilikuwa nafagia pembeni yake.

Katika siku hizo ndipo alipokuja mpimaji.

Alitoka Dar, kijana mpole, shati safi, anasalimia kila mtu na kupeana mkono, hata na mimi nikiwa na vumbi la saruji. Simlaumu. Alikuja kupima kama kuhama kwetu kumefanikiwa. Alikaa siku mbili ofisini na kompyuta, halafu akatujia mahamali mmoja mmoja. Aliponifikia nilikuwa nimeegemea ile rafu.

"Habari za mfumo mpya, mzee?"

"Nzuri."

"Umeridhika nao?"

"Tumeridhika."

"Ukiupa alama, moja mpaka tano?"

Nikasema nne. Niliona tano ataniona najipendekeza.

Akaandika, akanishukuru, akaenda kwa Makame. Nilimwona anavyogeuka, Zuwena. Nilikuwa ninajua kitu ambacho yeye hakijui, kwamba amepewa njema ya mlangoni na ameondoka nayo akidhani ndiyo nyumba. Mimi niliwahi kusimama palepale aliposimama yeye, na sukari yangu mkononi. Katika ghala lile hapakuwa na mtu mwengine ambaye angeweza kumwambia, ndugu yangu, hebu keti kwanza. Kasha la Bi Kombo lilikuwa nyuma ya bega langu. Nikakaa kimya. Niliogopa. Mzee Faki alikuwa ameshakwenda na saa yake ya ukutani, na wewe ulikuwa chuoni Unguja, ada yako ikitoka humu ghalani.

Makame alipoulizwa naye akasema nne. Yule kijana alipoondoka, Makame akanambia, "Nimeona kama ananiuliza harusi yangu ilikuwaje. Ningempa ngapi, na mke wangu anasikia?" Tukacheka.

Baadaye karatasi ikabandikwa ukutani yenye duara kubwa la kijani. Mizigo iliyofika imeongezeka, mfumo hauzimiki, wafanyakazi wameridhika. Yote yaliyoandikwa yalikuwa kweli kwa namna yake. Hata kasha la Bi Kombo lilikuwa limehesabiwa humo, kwa sababu lilifika. Tukapikiwa pilau. Nilikula.

Halafu siku moja asubuhi Hamadi akaingia amemshika Bi Kombo mkono. Nilijua kabla hajafika kwenye kizingiti, kwa namna alivyokuwa akitanguliza mguu.

"Hali, Bi Kombo?"

"Njema, Saidi."

Safari hii nilinyamaza. Nikamwekea gunia akakaa. Nikakaa chini mbele yake.

"Jicho la kushoto limefunga," akasema. "Lilianza pembeni, kama mtu anayevuta pazia. Nilidhani Khamis kazi zimemzidi. Sikutaka kumsumbua."

Nikainuka nikalishusha kasha. Sikumuuliza namba ya siri wala sikumtazama mtu wa kaunta. Nikampa mkononi. Alilipapasa pande zote, akalishika kwa viganja viwili.

"Lina joto," akasema.

Daktari wa Chake alitwambia jicho lile halitarudi, na la kulia litabaki kama litatiwa dawa bila kukatiza.

Siku ileile nikaingia kwa msimamizi wa ghala nikamweleza yote. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata kofia yangu nilikuwa nimeichukua kwenye msumari. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mbona hukusema alipokuja mpimaji?" Akapiga simu Dar. Baada ya siku tatu, chini kabisa kwenye mfumo, pakawa na kisanduku cha maneno, na mtu asiye na simu akawa anaweza kuchukuliwa mzigo wake na aliyemtaja. Siku tatu, mwanangu. Nilikuwa nimeogopa kitu ambacho hakikuwepo, na kilichohitajika kilikuwa siku tatu. Nimebeba magunia maisha yangu yote na sijabeba kitu kizito kama hicho.

Uliporudi likizo ukamkuta Bi Kombo na jicho moja, ulilia, ukaambiwa ni kadari. Kadari ni kweli, siikatai. Lakini na mimi nilikuwemo ndani yake, na nilikuacha ulie bila kukwambia. Ulinishika mkono siku ile ukanambia, "Baba, umemuuguza vizuri." Sijalala vizuri na maneno hayo tangu hapo.

Wiki uliyopata barua ya kazi nilivuka kwenda Fundo. Nilivua viatu, nikaingia, nikakaa. Bi Kombo akaniuliza hali nikasema njema. Akanyamaza. Yeye anajua kunyamaza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwisho nikamwambia: kuhusu ile namba ya marehemu, na kasha nililokuwa nafagia pembeni yake, na mpimaji na ile nne yangu.

"Nilijua," akasema. "Hamadi alinambia siku ileile vumbi lilivyokuwa limelikaa kasha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja useme. Si mie niliyekufundisha?" Halafu akasema, "Na usinililie hapa. Jicho moja lanitosha kukutazama weye. Hata yalipokuwa mawili sikuwa nafaidi kitu."

Nikamuuliza kama nikwambie. Akasema, "Mwambie kabla hajaondoka. Anakwenda kuwa yule kijana mwenye shati safi."

Basi nimekwambia. Sijui utaniona vipi baada ya kusoma, na sitakuuliza. Una haki ya kukasirika, na una safari ndefu ya kukasirikia ndani yake. Ni bora kuliko ungesikia kwa mtu mwengine.

Kompyuta mimi sizijui. Lakini mahamali ninawajua, na wafagiaji, na wanawake wa kaunta, na watu wa visiwani wanaotumiwa dawa. Utakapofika kwao na fomu yako watakwambia nzuri. Hawakudanganyi. Wanakukaribisha. Wewe umezaliwa humu, una kitu ambacho yule kijana hakuwa nacho, na hakuna chuo kitakachokupa. Naomba usikiache kwenye boti kwa sababu ya haraka ya kumaliza fomu. Na ukikuta safu ambayo mfumo hauitaki, isome kwanza kabla hujakubali kwamba haina kazi. Wewe mwenyewe umo kwenye moja.

Gari ya Mkoani naisikia inapiga honi. Makame ameshavaa glavu.

Kesho, kabla hujatoka nyumbani, muulize Bi Kombo hali. Ameshalala kwetu usiku wa pili kwa ajili yako. Atakwambia njema. Keti naye kidogo. Halafu mimi nitakubebea begi mpaka kituoni, na najua hutaacha kuniuliza kama niko sawa, nami nitakujibu njema, kwa sababu watu watakuwa wengi na sitaweza jibu jengine.

Gari ya abiria ya kwenda Mkoani haiondoki mpaka ijae. Ukishapanda, usifunge dirisha; nitakuwa nimesimama hapo nje.

Baba yako,
Saidi